Nataka sheria na uandishi wa habari vyote viwili, na ada inatoka kwenye korosho za mjomba

BARUA

Shikamoo mama. Naomba usitaje jina langu wala shule niliyosoma maana huku kwetu ukitaja kitu kimoja tu watu wanajua ni mtoto wa nani.

Mimi ni binti wa miaka 21, nilimaliza form six mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) nikapata Division Two. Kwetu hasa ni Newala ila sa hivi nakaa Mtwara mjini kwa mama mdogo. Baba alishafariki, mama ni mkulima, na aliyetusomesha wote wanne ni mjomba, kaka yake mama wa tumbo moja. Wewe ni mtu wa huku kusini kwahiyo mjomba ni nani sina haja ya kukuelezea, hata posa ikija kwetu haijibiwi mpaka yeye akae. Ada yangu tangu form one imetoka kwenye korosho zake. Msimu ukifunguka anaokota, anapeleka AMCOS, kile chama cha msingi cha wakulima, anasubiri mnada, hela ikiingia benki kitu cha kwanza kinachotoka ni ada yangu alafu ndo mengine yafuate. Kuna mwaka bei ilikuwa mbaya akanitumia nusu, nusu nyingine akauza mbuzi na hakuniambia, niliambiwa na mama.

Sasa mjomba anataka nisome sheria, na sio kwamba anataka tu kwa kusikia wenzake wanasema mtoto wangu mwanasheria, ana sababu yake. Bibi alikuwa na mikorosho 24 kule bondeni. Mwaka mmoja akaugua sana, ikabidi iwekwe rehani kwa jirani ili apelekwe hospitali. Karatasi ikachanwa kwenye daftari la shule, ikaandikwa, dole gumba la bibi, dole gumba la shahidi, basi yameisha. Hela ilipopatikana ikapelekwa, yule jirani akasema haikuwa rehani, aliuziwa. Na kweli karatasi ukiisoma inasema "nimempa mikorosho yangu yote 24 kwa shilingi laki tatu". Neno rehani halipo. Mjomba amehangaika na hilo karatasi huku na huku, kila anapoenda anaambiwa ungekuwa na mwanasheria mzee. Mpaka leo analo, kalitia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na stakabadhi zake za korosho, pembeni limeungua rangi ya kahawia kwa mafuta ya maganda ya korosho. Siku matokeo yangu yametoka alilitoa akaniwekea mkononi. Hakusema kitu, akaenda kuswali.

Mama mimi naipenda redio. Matokeo yalitoka mwaka jana sikuomba chuo kwasababu hela haikuwepo, nikaenda kujitolea redio moja hapa mjini, sasa ni mwaka mzima. Hawanilipi, siku nyingine nauli. Nasoma matangazo ya vifo, nasoma bei za minada ya korosho, na kuna kipindi cha jioni cha wakulima tunakiendesha wawili. Nikikaa mbele ya kipaza sauti ile taa nyekundu ikiwaka najisikia kama nimefika kwetu, sijui nikueleze vipi.

Ila kuna kitu kilitokea. Walikuja wakulima watatu wa chama kimoja cha msingi na karatasi zao, wanasema wamekatwa hela ambayo hawajui ni ya nini. Nikaandika, nikasoma hewani. Kesho yake mtu akapiga simu studio anasema nimemchafua na atatufikisha mahakamani. Msimamizi wa zamu hata hakuniuliza, akanitoa hewani wiki tatu. Kilichoniuma sio zile wiki tatu, kilichoniuma ni kwamba sikujua kama nimekosea au sijakosea, na pale studio nzima hakuna aliyejua. Kila mtu ananiangalia tu. Hapo ndo wazo likaingia, kwamba mimi nasoma vyote, sheria na uandishi wa habari, alafu hakuna mtu wa kunipigia simu tena nikatetemeka.

Nikaanza kugugo usiku bando likiwa la bei rahisi. Nikakuta kule Australia mtu anasoma sheria na habari kwa mpigo anatoka na digrii mbili. Nikafurahi nikatafuta hapa kwetu, sikuona kozi ya hivyo. Ndo nikapanga hivi: naomba sheria chuo cha Dar, nakaa hosteli, na wakati huohuo najisajili uandishi wa habari Chuo Kikuu Huria maana wale unasoma mwenyewe, kwahiyo mchana sheria usiku habari. Ada ya hiyo ya pili nitakuwa naikata kwenye boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo. Na hiyo ya pili mjomba asijue mpaka siku naimaliza, nimpelekee vyeti viwili.

Nimemwambia mama mdogo, amekaa kimya muda mrefu alafu akasema ukimficha mjomba wako kitu kimoja hatoamini tena hata kile ulichomwambia kweli. Rafiki yangu yeye anasema watu wanafanya mbona. Na pale redioni kuna kaka ana digrii ya sheria, huu mwaka wa nne, asubuhi anaendesha bodaboda jioni anasoma habari za michezo, anasema sheria ni kupoteza muda nisome habari moja kwa moja.

Mjomba redio haipendi kabisa. Anasema kazi ya kuongea haina pensheni. Hata juzi alinipigia kunifokea tu, eti nimesoma bei za mnada haraka mpaka mzee jirani yake hakushika namba, mbona sirudii mara mbili.

Mama dirisha la maombi ya vyuo linakaribia. Naweza kubeba vyote viwili? Na kama siwezi naacha kipi, maana nikiacha sheria namuua mjomba na nikiacha redio najiua mwenyewe.

Mpwa, Mtwara

JIBU

Marahaba mwanangu, hujambo. Barua yako nimeisoma usiku nikaiacha, asubuhi nikaisoma tena nikiwa napeta mchele nikagundua kuna mahali nilipita haraka, kwahiyo nimeirudia ya tatu. Asante kwa kuniamini na hilo karatasi la bibi, maana hilo sio jambo la kumwambia kila mtu.

Unauliza kama unaweza kubeba vyote viwili. Ila mimi ndani ya barua nimeona mambo matatu yamefungwa kamba moja. Kuna mikorosho 24 ya bibi. Kuna wiki tatu zako nje ya hewa. Na kuna siri unayotaka kumwekea mjomba. Yote matatu umeyapa dawa moja, digrii mbili, na mimi naona kila moja linaumwa mahali pake.

Tuanze na hiyo ya Australia kwasababu ndo imekuwashia taa. Ni kweli ipo. Pale Sydney kwa mfano kuna University of Technology Sydney, wanaunga sheria na mawasiliano, na vyuo vingi vya kule wana huo utaratibu wa kuunga sheria na fani nyingine. Sheria peke yake kwao ni miaka minne, ikiungwa na nyingine inakwenda mitano au inazidi kidogo. Sasa jiulize inakuwaje minne ya sheria na mitatu ya habari isiwe saba. Ni kwamba chuo chenyewe kimekaa kikapunguza, yale masomo ya kujichagulia kwenye sheria yanajazwa na masomo ya habari, na kule kwenye habari yanajazwa na ya sheria, ratiba moja, mwanafunzi mmoja, ada moja. Hawamwekei mtoto magunia mawili kichwani, wanamshonea gunia moja. Na hata akimaliza, akitaka kuwa wakili kuna mafunzo ya vitendo bado anayafanya.

Wewe ulichopanga ni magunia mawili kamili. Hapa kwetu vyuo vyenye vyote viwili vipo, Dar es Salaam wana shule ya sheria na shule ya uandishi wa habari, SAUT Mwanza wana vyote, na hao Huria wana vyote na kituo chao kipo hapohapo Mtwara, kingine Lindi. Lakini kila kozi imesimama peke yake. Ukichaguliwa zaidi ya sehemu moja unatakiwa uthibitishe moja. Mkopo wa Bodi ya Mikopo nao unatolewa kwa kozi moja, na boom mwanangu ni chakula na malazi. Ukikata boom kulipa ada ya pili unakata ugali wako mwenyewe, na mtoto wa kike mwenye njaa Dar es Salaam, hapo sitaki hata kuendelea kuandika. Alafu mitihani, itagongana tu kuna siku, saa mbili asubuhi unatakiwa chumba hiki na chumba kile, utamuuliza nani wakati kila upande hawajui kuhusu upande mwingine?

Huyo rafiki yako anayesema watu wanafanya, muulize kwa upole ni nani, alimaliza mwaka gani, na alilipa na nini.

Sasa kuhusu sheria yenyewe nataka ujue safari ilivyo, na mjomba naye ajue, maana nahisi hajawahi kuambiwa. Digrii ya sheria ni miaka mitatu mpaka minne kutegemea na chuo. Ukimaliza unaitwa mwanasheria, ila kusimama mahakamani kama wakili bado. Unaenda Shule ya Sheria pale Dar, ile Law School ya mafunzo ya vitendo, hiyo ilianzishwa kwa sheria ya 2007, mwaka mmoja, ukifaulu ndo unaomba uapishwe uwakili. Na pale sio mchezo. Oktoba 2022 matokeo yaliyotangazwa yalikuwa ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. 342 wakapata sapu, yaani kurudia mitihani, 265 wakadisko, yaani wakaondolewa. Nchi nzima iliongelea, Waziri akaunda kamati kuchunguza. Sikuambii hivi ili uogope, wapo wanaofaulu kila mwaka, nakuambia kwasababu mtu anayesoma sheria mchana na kozi nyingine usiku kwa siri anafika pale amechoka wakati wenzake ndo wanaanza kukimbia.

Na huyo kaka wa bodaboda, mimi simhukumu, anajitafutia kwa jasho. Ila anaposema sheria ni kupoteza muda hujajua aliishia wapi. Aliishia kwenye digrii? Alienda Shule ya Sheria? Aliomba wapi akakosa? Kaa naye siku moja umsikilize bila ya yeye kukupa ushauri, akusimulie tu. Na cha kushangaza, huyo mtu ana sheria na yupo redioni, ana vyote viwili unavyovitaka wewe, na siku ile umetolewa hewani alikuwepo na hakuweza kukusaidia. Hilo lifikirie sana.

Maana hapo ndo nataka nikuulize, ni vyeti viwili ndo vingekutoa kwenye zile wiki tatu? Ulichokosa siku ile nakiona kama kitu kidogo zaidi na cha karibu zaidi. Ulitakiwa ujue kashfa, yaani kumchafulia mtu jina, ni nini kisheria, ulitakiwa umpigie yule unayemtaja umpe nafasi ajibu kabla hujasoma (kwenye barua hujasema kama ulimtafuta, sijui kama uliona umuhimu), ulitakiwa uwe na nakala za zile karatasi za wakulima. Hayo yanafundishwa kwenye uandishi wa habari, kuna somo la sheria na maadili ya habari, hata ngazi ya diploma lipo. Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 ipo, ilipotungwa ilikuwa na sehemu nzima ya kashfa, ukiwa na simu yako na bando la usiku unaweza kuanza kuisoma leo. Na sheria hiyohiyo inasema mwandishi anatakiwa awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kuifanya kazi hiyo, kanuni zake za 2017 zikaweka diploma ya habari kama kiwango cha chini. Kwahiyo kama unataka redio iwe kazi na sio kujitolea milele, mlango sio lazima uwe digrii. Mwaka mzima wanakupa nauli tu, mwanangu, hata barua ya kuthibitisha kwamba umefanya kazi pale waombe, ni haki yako kuomba.

Ila pia sitaki nikudanganye kwamba sheria na habari hazina undugu. Zina undugu mkubwa na wewe umeugusa bila kujua. Angalia, neno moja kwenye karatasi la bibi, "nimempa", limekula mikorosho 24. Na sentensi moja uliyoisoma hewani imekula wiki tatu zako. Ni kitu kilekile, neno moja limewekwa bila kupimwa. Mtu anayejua kupima neno anafaa kote kuwili. Hiyo Sheria ya 2016 ilipotungwa, Baraza la Habari Tanzania na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Mtandao wa Watetezi wa Haki za Binadamu waliungana wakaenda Mahakama ya Afrika Mashariki Arusha mwaka 2017, na Machi 2019 mahakama ikasema vifungu kadhaa vinapingana na Mkataba wa Jumuiya. Watu wa habari na watu wa sheria meza moja. Jenerali Ulimwengu alisoma sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na watu wengi wanamjua kwa kalamu yake ya gazetini. Kwahiyo hauoti ndoto ya peke yako.

Lakini undugu una ugomvi wake pia. Chukua wale wakulima watatu. Wangekuja kwako wewe ukiwa wakili, yale waliyokuambia ni siri yao, huwezi kwenda kuyasoma jioni kwenye redio hata kama yanakuwasha. Wamekuja kwako ukiwa mwandishi, kazi yako ni kuyatoa, na huwezi kuwaahidi kwamba utawashindia kesi. Wakili anashika upande mmoja mpaka mwisho. Mwandishi anatakiwa amtafute na yule wa upande wa pili. Fumba macho, waone wale watu watatu wameshika karatasi zao mlangoni. Unataka uwafanyie nini? Jibu linalokuja la kwanza lisikilize kabla hujaanza kulipamba.

Njia zipo kadhaa nakutajia ninavyoziona, na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kwenda sheria chuo cha Dar kama mjomba anavyotaka, na likizo ukarudi hewani, mwiba wake ni gharama na upweke wa Dar, na redio haitakusubiri, utarudi ukute kiti chako kina mtu. Unaweza ukaisoma hiyo sheria Huria ukiwa hapohapo Mtwara, unakaa kwa mama mdogo, jioni upo studio, ada na maisha vinakuwa vya huku na sio vya Dar, mwiba ni kwamba kusoma mwenyewe kunataka roho ngumu, hakuna mwalimu wa kukugongea mlango, na watu wengi wanachelewa kumaliza. Unaweza kuanza na diploma ya habari miaka miwili, ukapata ithibati, ukaanza kulipwa kidogo, alafu ukaingia sheria ukiwa na shilingi yako mwenyewe, ila hapo unamwomba mjomba asubiri na mjomba umri unakwenda, na wewe maisha yanaweza kukuchukua usirudi. Au uende habari digrii kabisa na sheria uiache, hiyo nayo ni njia na wala sio dhambi, ila uichukue kwa kuitaka na sio kwa kumkimbia mjomba. Kwenye hizo zote Kiswahili chako cha HKL hakipotei, sheria vyuoni inasomwa kwa Kiingereza ni kweli, ila tangu 2021 sheria ilibadilishwa Kiswahili kikawa ndo lugha ya sheria na mahakama, na wanaoweza kuandika sheria kwa Kiswahili kinachoeleweka na mzee wa Newala bado wanatafutwa.

Ada nayo, msiitegemee kwenye msimu mmoja. Mimi nina mikorosho yangu michache na nakumbuka 2018, wakulima tulikataa bei za minada, serikali ikasema inanunua yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, tukapiga vigelegele. Ila kati ya vigelegele na hela kufika mfukoni kulikuwa na miezi, na chuo hakijui miezi. Omba mkopo wa Bodi mapema, vyeti vya baba vya kifo vitafute sasa hivi usisubiri dirisha lifunguke.

Na sasa mikorosho ya bibi. Hili nalisema taratibu kwasababu najua linavyouma. Hata ukianza sheria mwaka huu bila kukwama popote, kusimama na lile karatasi mahakamani kama wakili ni miaka mitano hivi kutoka leo. Kesi ya kudai ardhi ina kikomo cha miaka 12, na kama kuna maamuzi yalishatolewa, rufaa zina siku zake ambazo ni chache zaidi. Kwahiyo lile karatasi haliwezi kukusubiri wewe. Na halitakiwi kukusubiri. Tangu 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria, wasaidizi wa kisheria wanatambulika na msaada ni bure kwa asiyeweza kulipa, nenda ofisi ya halmashauri uliza ustawi wa jamii au maendeleo ya jamii watakuelekeza waliopo Newala. Nenda na mjomba, mkiwa na karatasi na majina ya mashahidi walio hai na tarehe, ile hela ya rehani ilirudishwa lini na mbele ya nani. Inawezekana wakasema bado kuna njia, inawezekana wakasema muda umepita. Vyovyote watakavyosema, litakuwa limetoka mgongoni kwako, na wewe ukifikiria sheria utaifikiria kama sheria na sio kama deni la bibi.

Nimalizie na mjomba. Umeandika redio haipendi kabisa, na mstari unaofuata umeandika alikupigia kwasababu ulisoma bei haraka na jirani yake hakushika namba. Nimeusoma huo mstari mara nyingi kuliko barua nzima. Mwanangu, alijuaje ulisoma haraka? Jirani yake alikuwa anasikiliza redio ya nani? Mimi simjui mjomba wako, lakini namwona mzee jioni amekaa barazani na redio katikati, na mwenzake pembeni, na anamwambia huyo ni mpwa wangu. Na anataka usikike vizuri. Inawezekana nakosea. Ila wewe pia umeamua anachokifikiria bila kumuuliza, mtu aliyeuza mbuzi kimya kimya kwa ajili yako. Hilo la pensheni ni hofu, na hofu inajibika, unaweza ukaijibu kwa kumwonyesha njia ipo vipi na hela inatoka wapi, ila huwezi kuijibu ukiwa umejificha.

Nenda Newala kabla dirisha halijafunguka. Usimpigie simu, panda gari uende. Mwambie mama atangulie kumgusia kwamba una maneno ya chuo, ndo utaratibu wetu, usimvamie. Usiende na uamuzi umeufunga, nenda na hizo njia umeziandika kwenye karatasi na ada ya kila moja. Na mwanzo kabisa mwulize kuhusu karatasi la bibi, akusimulie yeye kwa mdomo wake tangu siku ile ya dole gumba, maana nahisi hajawahi kumsimulia mtu yote. Wewe sikiliza tu, mwaka mzima umejifunza kuhoji wakulima.

Mkishaongea niandikie, nitafurahi kusikia alisemaje. Na kabla hujasafiri, mnada wa wiki hii ukisoma bei, ya juu na ya chini, rudia namba mara mbili.